Anayeota Moto na Anayeungua



Wiki iliyopita tulizungumza habari za joto linaloongezeka duniani. Kipindi kilipokwisha nikapata ujumbe wa simu kutoka kwa msikilizaji wetu wa Makete, mkoani Njombe. Ni mkulima wa viazi mviringo. Ameandika kwa adabu, lakini hakumung'unya maneno. Anasema kila akifungua redio anatusikia tunalilia joto, na yeye hatuelewi. Kwao, Juni na Julai, sakitu ikishuka usiku, asubuhi unakuta shamba limekuwa jeusi na majani ya viazi yamelala kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Mtaji wa msimu mzima unakwenda kwa usiku mmoja. Wazee wanashinda jikoni, moto hawauachi. Sasa anauliza: joto likija, sisi wa Makete si ndiyo tutapumua? Nani amewaambia kwamba joto ni adui wa kila mtu?

Nimekaa na swali hili wiki nzima. Sikutaka kulijibu juu juu, maana ni swali la haki, tena wapo watu wenye elimu kubwa duniani wanaouliza hilo hilo. Leo naomba tuliweke mezani, tulitazame huku na huku, kisha nikwambie mimi nimefika wapi.

Tuanze na wanaolisifu joto, na tuwasikilize mpaka mwisho.

Mwaka 1896, mwanasayansi wa Sweden aitwaye Svante Arrhenius alichukua kalamu na karatasi akaanza kukokotoa. Alitaka kujua: hewa ukaa, ile inayotoka pia tunapochoma makaa ya mawe, ikiongezeka angani, dunia itapata joto kiasi gani? Hesabu ilimwonyesha kwamba joto litapanda. Naye hakuogopa. Katika kitabu alichokiandika baadaye kwa ajili ya wasomaji wa kawaida, alitarajia kwamba vizazi vijavyo vitaishi katika hali ya hewa iliyo njema zaidi, hasa nchi za baridi, na mashamba yatazaa kuliko yalivyozaa wakati wake. Mwaka 1938 mhandisi Mwingereza, Guy Callendar, alikusanya vipimo vya joto kutoka vituo vya sehemu mbalimbali za dunia, akaonyesha kwamba joto limekwisha kuanza kupanda. Yeye pia aliona ni heri. Alisema kilimo kitasogea kaskazini, mimea itastawi, na ile barafu kuu iliyowahi kuzifunika nchi za Ulaya itachelewa kurudi.

Watu hawa hawakuwa wajinga, wala hawakuwa na nia mbaya. Mtu anayeishi Stockholm, mahali ambapo mwezi wa Desemba jua linaonekana saa sita tu kwa siku, ana kila sababu ya kulitamani joto. Walisema walichokiona kutoka dirishani kwao.

Na leo wapo wanaoendeleza hoja hiyo, tena si bila ushahidi. Wanasema, katika nchi nyingi baridi inaua watu wengi kuliko joto, na takwimu za afya zinawaunga mkono. Wanasema Canada na Urusi zina ardhi kubwa iliyolala chini ya baridi, ambayo ikipata joto kidogo itapandwa ngano. Wanasema hewa ukaa ni chakula cha mimea, nalo ni kweli. Kabla ya viwanda, katika kila chembe milioni za hewa, 280 zilikuwa za hewa ukaa. Sasa zimepita 420, na picha za satelaiti zinaonyesha sehemu kubwa ya dunia imeongezeka majani. Mwisho wanasema dunia iliwahi kuwa na joto zamani, na viumbe viliishi.

Hoja hizi zisitupwe kapuni kwa sababu tu hatuzipendi. Nyingi zina ukweli ndani yake. Lakini ni ukweli wa wapi, na wa nani?

Msikilizaji, nikupeleke kwenye jiko la Makete, usiku wa Julai. Katikati kuna mafiga matatu, na moto unawaka. Familia nzima imekaa kuuzunguka. Aliyekaa mlangoni upepo unampiga mgongoni, anatamani kuni ziongezwe. Aliyekaa katikati anaota vizuri, hana neno. Na kuna mtoto aliyebanwa karibu kabisa na mafiga, goti lake linakaribia kuungua, na nyuma yake ni ukuta, hana pa kusogea. Mtu akitupia kuni mbili zaidi, wa mlangoni atashukuru na mtoto wa mafigani atalia. Ukimwuliza kila mmoja kama moto umezidi, wote watakujibu kweli, na majibu yao hayatalingana.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama joto lina faida au lina madhara, tuulize kwanza: wewe umekaa wapi kwenye moto huu?

Sisi wengi wa Afrika Mashariki tumekaa mafigani. Chukua mahindi, ambayo ndiyo ugali wetu. Mhindi unapotoa mbelewele, chavua yake haivumilii joto kali; ikikauka, gunzi linatoka na mapengo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliopitia matokeo ya majaribio zaidi ya 20,000 ya mahindi barani Afrika, ulionyesha mpaka uko wapi. Joto la siku likipita nyuzi 30, kila nyuzi moja ya ziada kwa kila siku inapunguza mavuno kwa asilimia 1, hata pale mvua inapokuwa nzuri. Palipo na ukame, inapunguza asilimia 1.7. Zihesabu siku za namna hiyo katika msimu mmoja huko tambarare, uone gunia linavyopungua. Utafiti huo huo ulikuta kwamba maeneo machache yenye baridi yangeweza kupata nafuu joto likipanda. Mkulima wetu wa Makete hajakosea: nafuu ipo. Ila ipo kwa wachache waliokaa mlangoni.

Na ile hoja ya hewa ukaa kuwa chakula cha mimea? Ni kweli, lakini mimea hailingani katika kukila chakula hicho. Ngano, mpunga, maharage na mihogo hufaidika zaidi. Mahindi, mtama, uwele na miwa vina njia nyingine ya kutumia hewa hiyo, na nyongeza haivisaidii sana. Angalia orodha hiyo ya pili: ndiyo inayotulisha katika nchi kavu. Tena hata wali na ngano vikikua katika hewa yenye ukaa mwingi, punje zake hupungukiwa protini, madini ya chuma na zinki. Sahani inajaa, lakini mtoto anakula kilicho pungufu.

Sasa tuteremke Kigoma, Ziwa Tanganyika. Ziwa hili lina kina cha zaidi ya meta 1,400, na linagusa nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Ukitaka kuelewa joto linavyofanya kazi kimya kimya, hapa ndipo mahali pake.

Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi. Hukaa juu ya maji baridi kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi, hayachanganyiki. Na rutuba ya ziwa, yaani mabaki ya kila kilichokufa majini, huzama chini gizani. Ili mimea midogo ya majini ikue, na dagaa wapate kula, lazima rutuba hiyo ipandishwe juu kwenye mwanga. Anayeipandisha ni upepo wa kusi. Unapoanza kuvuma mwezi wa Mei, unasukuma maji ya juu, na yale ya chini yanapata njia ya kupanda. Ni kama mpishi anayekoroga sufuria. Lakini maji ya juu yakizidi kupata joto, yanakuwa kama kifuniko. Upepo unavuma, mwiko unazunguka, na kilichoko chini hakipandi.

Mwaka 2003 watafiti walichapisha kazi yao kuhusu ziwa hilo. Walikadiria kwamba uzalishaji wa chakula cha samaki umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na hiyo ina maana ya samaki kupungua kwa karibu asilimia 30. Nisiseme uongo: uvuvi uliokithiri nao una sehemu yake kubwa, na ndiyo maana mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi ziwani humo kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei, ili samaki wazaane. Nyavu zinaweza kufungwa kwa amri. Kifuniko cha maji ya moto hakiondolewi na amri ya mtu yeyote.

Fikiria mama wa mwaloni pale Kigoma anayeanika dagaa. Hajawahi kuchoma makaa ya mawe maishani mwake. Anajua tu kwamba zamani mitumbwi ikirudi alfajiri na taa zake, ndoo zilijaa, na sasa anagombea ndoo moja na wenzake watatu.

Kisha twende Unguja, pwani ya mashariki. Hapa naomba nikueleze nilichokiona kwa macho yangu.

Nilifika Jambiani wakati wa bamvua. Maji yalikuwa yamekupwa mpaka mbali, mchanga mweupe umebaki wazi, na wanawake wametapakaa huko ndani kama ndege. Mashamba yao ni mambo, vijiti vilivyopigiliwa mchangani, na kamba zilizotandwa kutoka mambo hadi mambo, na kwenye kila kamba vishada vya mwani vimefungwa kwa vikamba vidogo. Nikamkuta bi mkubwa mmoja ameketi ndani ya maji yanayomfika kiunoni, kanga mbili mwilini, miguuni raba kuukuu kwa ajili ya miiba ya baharini. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha bila kungoja niulize akanyoosha mkono akanipa kishada cha mwani.

Kwa mbali kilikuwa kizima. Nilipokishika nikaona kwenye tawi pameingia weupe, kama kidole kilichokaa muda mrefu ndani ya maji. Nikaubana ule weupe taratibu. Ukalainika, tawi likakatika, kipande kikaenda na maji. Akaniambia, "Maji yanachemka, mwanangu. Ukichelewa siku mbili tatu, unakuta kamba tupu." Niliingiza mkono majini. Yalikuwa ya moto kama maji ya kumwogesha mtoto mchanga.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Fedha ya mwani imepeleka watoto shule na imejenga nyumba za mawe mahali pa makuti. Kuna aina mbili kubwa. Ile inayoitwa kotonii ndiyo yenye bei nzuri, kwa sababu ute wake unatafutwa sana kwa kugandishia vyakula na kutengeneza vipodozi. Nyingine ni spinosamu, ya bei ndogo lakini ngumu zaidi. Maji yalipoanza kupata joto, ile ya bei nzuri ndiyo iliyotangulia kufa. Toka miaka ya 2000, sehemu nyingi za pwani hiyo kotonii haikai tena, na wakulima wamebaki na ile ya bei ya chini, ambayo nayo siku hizi inasumbuliwa na weupe ule ule nilioubana kwa vidole.

Je, hakuna njia? Ipo. Mtafiti wa Zanzibar, Dk. Flower Msuya, amefanya kazi miaka mingi na wakulima hawa, wakijaribu kupanda kotonii katika nyavu ndefu kwenye kina kirefu, kule ambako maji ni baridi zaidi. Mwani unakubali. Lakini kina kirefu kinataka boti, na kinataka mtu ajue kuogelea. Mama aliyezoea kwenda shambani kwake kwa miguu sasa inabidi ajifunze kuogelea ukubwani, na atafute pesa ya boti. Hiyo ndiyo gharama ya joto ambayo haimo katika hesabu ya wale wanaohesabu ngano ya Canada.

Nimesikia hoja moja nyingine, na hii inatugusa sisi wa milimani. Wanasema, joto likipanda, mkulima naye apande. Kahawa ihamie juu, ndizi zihamie juu, mahindi yahamie juu. Mwanzoni hata mimi niliona ina mantiki. Lakini, ndugu msikilizaji, umewahi kuutazama mlima? Chini ni mpana, na kadiri unavyopanda unapungua. Huwezi kuhamisha mashamba ya tumboni ukayaweka shingoni, yakaenea.

Tazama Kilimanjaro. Kahawa ya Arabika inahitaji usiku wa baridi. Utafiti uliotoka mwaka 2015 kuhusu kahawa ya Tanzania ulionyesha kwamba kinachoiumiza zaidi ni joto la usiku: likipanda nyuzi moja, mavuno yanashuka kwa kilo 137 hivi kwa kila hekta. Mkulima wa chini akitaka kufuata baridi juu, atagonga ukuta wa vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, vya wenzake, na juu ya vihamba kuna msitu. Msitu huo ndio unaoshika mvua na mawingu na kuyateremsha kwenye mifereji. Wengi wetu tunadhani maji ya Kilimanjaro yanatoka kwenye barafu ya Kibo. Barafu ile inapungua kweli. Kati ya mwaka 1912 na 2007 ilipotea kama asilimia 85, kwa sababu ya ukavu wa hewa pamoja na joto. Lakini sehemu kubwa kabisa ya maji tunayokunywa inatoka msituni. Na msitu wenyewe umebanwa: huku chini mashamba yanausukuma, huku juu ukavu unaleta moto wa nyika, kama ule wa Oktoba 2020 uliowaka kwa siku nyingi. Ukisema kilimo kihamie juu, unasema tuvunje mtungi ili tupate kigae.

Tena, baridi ya milimani ilikuwa ikitulinda bila kutudai. Vimelea vya malaria vinahitaji joto ili vikomae ndani ya mbu. Katika nyuzi 25 vinakomaa kwa siku 12 hivi. Katika nyuzi 20 vinataka karibu mwezi, na mbu wengi hufa kabla. Chini ya nyuzi 18, karibu havikomai kabisa. Ndiyo maana wazee wetu wa Usambara walijenga juu na waliiogopa tambarare. Siku hizi vyandarua na dawa vimepunguza sana malaria nchini, na tushukuru. Lakini kila nyuzi inayoongezeka inapunguza ile kinga ambayo mlima ulitupa bure, na sasa lazima tuinunue.

Na joto haliji peke yake. Hewa yenye joto hubeba mvuke zaidi, karibu asilimia 7 kwa kila nyuzi moja. Maana yake, inaponyesha inamwaga, na isiponyesha inanyonya unyevu uliomo ardhini. Wafugaji wa Marsabit kaskazini mwa Kenya, wa kusini mwa Ethiopia na wa Somalia walipitisha misimu mitano mfululizo bila mvua ya maana kutoka mwaka 2020. Wanasayansi waliouchambua ukame ule walisema kuongezeka kwa joto kumefanya uwezekano wake uwe angalau mara 100 zaidi. Ukame ulipokatika, mwishoni mwa mwaka 2023 maji yakaja kama yanalipiza kisasi. Ng'ombe waliosalimika na ukame wakasombwa na mafuriko. Mwaka uliofuata Rufiji nayo ikazama. Ukimweleza mfugaji wa Marsabit kwamba dunia imeongezeka majani kwenye picha za satelaiti, mwoneshe basi ni jani lipi atakalompa ng'ombe wake.

Kuhusu ile hoja kwamba dunia iliwahi kuwa na joto zamani, jibu ni fupi. Dunia ilipotoka katika zama za barafu ilipata joto la nyuzi kama 5 au zaidi, lakini ilichukua maelfu ya miaka. Misitu ilikuwa na muda wa kuhama, mbegu kwa mbegu. Sisi tumepandisha zaidi ya nyuzi moja kwa miaka mia na hamsini tu, na sehemu kubwa ya hiyo ni ndani ya uhai wa watu wanaonisikiliza sasa hivi. Mkahawa hauna miguu. Tumbawe halina miguu.

Sasa nirudi kwako, ndugu yangu wa Makete, maana wewe ndiye uliyenianzishia safari hii.

Kuhusu sakitu, umesema kweli. Joto likipanda, usiku wa sakitu unaweza kupungua, na sitaki kukunyang'anya nafuu hiyo. Ila nakuomba utazame shamba lako upya. Hicho kiazi chako ni mtoto wa baridi. Kinapenda kutunga viazi katika nyuzi 15 hadi 20; joto likizidi, hasa la usiku, shina linarefuka, majani yanapendeza, na chini unachimbua vijiazi kama gololi. Mnyauko unaowatesa wakulima wa sehemu za joto unastawi katika udongo wenye joto. Ndiyo maana mbegu safi ya viazi hutafutwa nchi za juu kama kwenu. Jirani yako mwenye pareto, mwulize: maua yake hayaji vizuri mpaka yapate siku za baridi. Mwenye matufaha naye mwulize, atakwambia mti usipopata baridi haujui lini uamke. Hiyo baridi inayowatesa ndiyo iliyowapa mazao ambayo tambarare haiwezi kuyalima. Sakitu ni mwizi wa usiku mchache. Baridi ni mtaji wenu wa mwaka mzima. Ukimfukuza mwizi kwa kuichoma nyumba, umelala salama wapi?

Naomba pia nitoe neno kwa wale wanaokaa na kujumlisha. Kuna wachumi wanaochukua faida za nchi za baridi, wanachukua hasara za nchi za joto, wanaziweka kwenye mizani moja na kutafuta wastani. Wastani hauli, wala haulali njaa. Faida ya shamba la ngano la Canada haivuki bahari kuja kumlipa bi mkubwa wa Jambiani kamba yake tupu. Ingekuwa inavuka, tungezungumza mengine. Afrika nzima, yenye karibu mtu mmoja kati ya kila watano duniani, inatoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya viwanda na mafuta. Aliyeongeza kuni si huyu anayeungua. Mwaka 2022, katika mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh, mataifa yalikubali kuwepo mfuko wa hasara na uharibifu, na mwaka uliofuata, huko Dubai, ukaanzishwa rasmi. Ni hatua, lakini ahadi iliyomo ndani yake ni ndogo mno ukilinganisha na deni. Viongozi wetu wakienda kwenye mikutano hiyo, wasiende kama waombaji. Waende kama watu wanaodai goti lililoungua.

Na sisi wenyewe tusikae tukingoja. Msitu wa juu uachwe usimame. Kahawa ipewe kivuli, kama wazee wa vihamba walivyojua kuichanganya na migomba na miti. Mama wa mwani afundishwe kuogelea na apewe boti kwa mkopo usiomkaba. Mabwana shamba wapeleke mbegu za mahindi zinazostahimili joto mpaka kijijini, zisiishie kwenye maghala ya mjini. Hayo yako ndani ya uwezo wetu, na kila moja nimeona mahali linapofanyika.

Nimefika hapa, msikilizaji. Joto lina faida? Ndiyo, kwa aliyekaa mlangoni, na kwa muda. Lina madhara? Ndiyo, na yanaanza kwa wale waliobanwa karibu na mafiga, ambao wengi wao ni sisi. Mzee wa Makete anayeota moto wake usiku wa Julai ana haki ya kuuota. Mtoto aliye mafigani naye haombi moto uzimwe. Anaomba wanaoshika kuni wasiongeze nyingine, na wampishe kidogo asogee.

Ukiwa na la kusema, niandikie kama alivyoniandikia ndugu yetu wa Makete.